Na Miguu ya Wachezaji Nani Anaitibu?

Mhariri wetu amekuwa akinibana tangu muhula uliopita nijaze ukurasa wa kazi na ajira, na kila mara nilikuwa namkwepa, maana kazi ninayotaka kuisema hapa huwezi kuikuta kwenye matangazo ya gazeti la Jumapili. Haina hata jina moja. Nikimwambia mtu kwamba nasoma uzamili wa uhandisi mitambo, ananipa mkono wa hongera. Nikiendelea kusema kwamba ninachopima ni miguu ya wacheza ngoma na sakafu wanazochezea, anatabasamu, halafu linakuja lile swali: "Sasa uhandisi na ngoma wapi na wapi?" Mama yangu kule Mwanza aliniuliza hivyohivyo, ila yeye kwa Kisukuma, na bila kutabasamu.

Basi leo nitajibu. Mtanivumilia, jibu lenyewe ni refu kidogo na linaanzia nyumbani.

Kwetu Usukumani ngoma si mchezo wa watu waliokosa shughuli. Katika karne ya 19 walikuwepo waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma mpaka wafuasi wao wakagawanyika makundi mawili, Bagika na Bagalu, na makundi hayo yapo mpaka leo. Kila mwaka kwenye mwezi Juni, pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, wanakutana kwenye sikukuu ya Bulabo. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kila upande una dawa zake za kuvuta watazamaji. Kwa hiyo tusije tukadanganyana kwamba daktari wa ngoma ni kitu kilicholetwa na Wazungu. Ngoma zetu zilikuwa na mganga wake zamani sana. Shida ni kwamba dawa ilikuwa ya watazamaji. Goti la mchezaji halikuwemo kwenye hesabu.

Mjomba wangu alicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, tangu ujana wake. Jembe linarushwa, linadakwa, mguu unakanyaga chini kwa nguvu, na ardhi ya Kisesa wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali. Alipofika miaka arobaini na kitu akawa anashuka ngazi kinyumenyume, kwa sababu kushuka kwa kawaida magoti yalikuwa yanakataa. Nyumbani kulikuwa na maelezo mawili. Wengine walisema ni umri. Wengine wakasema ni wale wa upande wa pili wamemtupia kitu. Hospitali alikwenda mara moja, akapewa vidonge, akarudi. Mimi nilikuwa sekondari na sikuwa na maelezo ya tatu.

Maelezo ya tatu nimeyakuta huku Johannesburg. Ukiacha dhahabu na foleni za magari, huu ni mji wa ngoma bwana. Shuka kutoka Braamfontein, vuka daraja, uko Newtown, na pale ndipo makundi mengi yalipokulia. Moving into Dance ilianzishwa na Sylvia Glasser mwaka 1978, wakati ambapo watu weusi na weupe kucheza pamoja jukwaani lilikuwa jambo la kukutia matatani. Gregory Maqoma wa Soweto alianzisha Vuyani mwaka 1999. Dada Masilo, naye mtoto wa Soweto, aliichukua baleti ya Swan Lake mwaka 2010 akaicheza pekupeku, akazunguka nayo dunia. Tukampoteza Desemba 2024 akiwa na miaka 39 tu. Joburg Ballet wao wako palepale Braamfontein, hatua chache kutoka chuoni. Na hapo sijagusa ngoma za mitaani wala ile ya gambuti, ambayo wachimbaji wa migodi hii ya Witwatersrand waliikuza wakipigapiga mabuti yao ya mpira. Fikiria mtu ametoka zamu chini ya ardhi, halafu burudani yake ni kupiga mguu chini kwa nguvu zote, ndani ya buti ambalo soli yake haikutengenezwa kwa ajili ya mshindo huo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye nitamwita jamaa tu kwa sababu hataki jina lake lionekane, ni mcheza pantsula kutoka Alexandra. Kwa wasioijua, pantsula ni ngoma ya vitongoji vya hapa: miguu inakwenda haraka kama cherehani, goti limekunjwa kidogo, mguuni raba za All Star zenye soli bapa, na jukwaa ni lami au zege. Mwaka juzi kundi lao lilipewa mahali pa bure pa kufanyia mazoezi, ukumbi mmoja mjini ambao sitautaja. Walifurahi sana. Sakafu ilikuwa inang'aa. Chini ya huo mng'aro kulikuwa na vinyl nyembamba, na chini ya vinyl zege tupu.

Baada ya wiki sita hivi jamaa akaanza kusikia maumivu kwenye ugoko wa kulia, sehemu ndogo unayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Kwanza maumivu yalikuja mwisho wa mazoezi, halafu mwanzoni, halafu usiku kitandani. Akaenda zahanati moja akapewa vidonge na kuambiwa apumzike. Akarudi baadaye, akapigwa eksirei, eksirei haikuonyesha kitu, akaambiwa mfupa mzima, aendelee. Aliendelea. Mpaka wenzake walipochanga akapata kipimo cha MRI, kikaonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa muundi, na wakati huo safari ya kundi kwenda Ulaya ilikuwa imebaki wiki tatu. Wenzake walipanda ndege. Yeye nilikuwa namletea chakula ghorofani kwake, lifti mbovu, magongo mawili.

Nilipomwambia kwamba yule mtu wa zahanati hakukosea kumwambia apumzike, alinitazama akasema, "Sisi, kupumzika ni neno la watu wenye mshahara." (Sisi kwa Kizulu ni dada. Nilichukua miezi kadhaa kuzoea. Nilidhani kila mtu ananijumuisha kwenye jambo lake.)

Sasa nifanye hesabu kidogo, na wale wa sanaa msikimbie. Chukua mtu wa kilo 60 aliyeruka, miguu ikapanda sentimita 30. Anapogusa chini ana kasi ya karibu mita 2.4 kwa sekunde. Kasi hiyo lazima iishe. Ikiisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wastani wa nguvu inayopanda miguuni ni kama mara tatu na nusu ya uzito wake. Ikiisha kwa nusu ya muda huo, nguvu inafika karibu mara sita. Kuruka ni kulekule, mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni muda wa kusimama. Na muda huo unaamuliwa na vitu vitatu: jinsi mchezaji anavyokunja magoti na vifundo, kiatu, na sakafu. Zege halikupi hata chembe ya muda. Mbao zilizoinuliwa kidogo, zinazonyumbulika, zinakupa.

Msije mkafikiri basi dawa ni godoro. Sakafu laini kupita kiasi inafanya mguu upinduke na misuli ya nyuma ya mguu ifanye kazi mara mbili. Na mbaya kuliko zote naona ni ile yenye sehemu ngumu na sehemu laini, maana mwili unajipanga kutua kabla ya kugusa chini, halafu unakuta kitu tofauti na ulichokitegemea. Kwa kumbi za michezo Ulaya wana kiwango, EN 14904, kinachotaka sakafu ipunguze nguvu ya mshindo kati ya asilimia 25 na 75 ukilinganisha na zege. Kiwango hicho ni cha michezo, hakikuandikwa kwa ajili ya pantsula, lakini angalau ni namba unayoweza kumwekea mtu mezani.

Lakini kwa nini mfupa upasuke wakati hakuna siku hata moja jamaa aliyoanguka? Hapa ndipo uhandisi ulipoingia, na naomba niwasimulie kisa ninachokipenda sana. Katikati ya karne ya 19, huko Prussia, mhandisi wa reli aitwaye August Wöhler alikuwa anahangaika na ekseli za mabehewa zilizokuwa zikikatika ghafla, ingawa mzigo ulikuwa mdogo kuliko uwezo wake. Akaja kuonyesha kwamba mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi mno huchosha chuma, ufa ukaanza na kukua polepole. Karibu na miaka hiyohiyo, mwaka 1855, daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba miguu kwa kutembea safari ndefu. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa, kwa hiyo hakuweza kuona kwamba mifupa yao ilikuwa na nyufa. Watu wawili, nchi moja, tatizo moja, mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye mguu, na sijasikia popote kwamba waliwahi kukutana.

Tofauti ni kwamba mfupa, Mungu ameujalia, unajikarabati. Ila fundi wake ana utaratibu wa ajabu: kwanza anabomoa sehemu iliyochoka, ndipo anajenga upya, na kati ya kubomoa na kujenga zinapita wiki kadhaa ambazo sehemu ile ni dhaifu kuliko mwanzo. Ukiongeza mazoezi ghafla, au ukahamia kwenye sakafu ngumu, unampigia fundi nyumba ikiwa imebomolewa nusu. Ndiyo maana eksirei ya mapema mara nyingi haioni kitu. Kipimo hakikusema uongo, ufa ulikuwa bado mdogo mno kwa macho yake. Na kama mchezaji hali vizuri, fundi anakosa matofali. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliipa hali hiyo ya kula pungufu kuliko kazi ya mwili jina lake rasmi, na wacheza baleti wanaobanwa kuhusu unene ni miongoni mwa wanaoipata sana.

Majeraha mengi ya wachezaji ni ya aina hii, ya kujirudia, na mengi yako kuanzia goti kushuka: kifundo, kano ya kisigino, ugoko, mifupa midogo ya wayo. Hayana tarehe. Na jeraha lisilo na tarehe halina fomu. Hapa Afrika Kusini kuna sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 1993, lakini inamhusu mwajiriwa. Wafanyakazi wa majumbani wenyewe walikuwa nje yake mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua vingine Novemba 2020. Mchezaji anayelipwa onyesho kwa onyesho anahesabika amejiajiri, na aliyejiajiri yuko nje. Wachimbaji wa dhahabu walioharibika mapafu kwa vumbi walisubiri miaka mingi sana mpaka mahakama ya hapa Johannesburg ikaidhinisha makubaliano ya fidia mwaka 2019, na vumbi ni kitu unachoweza kukionyesha kwenye picha ya kifua. Mchezaji ataonyesha nini?

Haya, kazi zenyewe. Nimeulizwa na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, hasa wale wanaopenda ngoma ila wazazi wamewaandikisha kwenye sayansi, na kwao nasema kwamba hamhitaji kuchagua upande.

Mlango ulio wazi zaidi ni fiziotherapia. Wits wanafundisha kule Parktown, miaka minne, na baada yake mwaka mmoja wa kutumikia jamii. Kwetu Tanzania KCMC ya Moshi imetoa wataalamu hao tangu zamani. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayemshika mchezaji kuanzia siku ya kuumia mpaka anaporudi jukwaani, na akiwa mjanja anamshika kabla. Tatizo ni kwamba darasani utafundishwa kiharusi, mgongo, mtoto mwenye mtindio wa ubongo na wachezaji wa raga. Mcheza ngoma utamtafuta mwenyewe. Nenda ukae kwenye mazoezi yao, tazama, jifunze majina ya hatua. Mchezaji akikuambia anaumia anapofanya hatua fulani na wewe hujui inachezwaje, utambakiza na neno "pumzika" tu.

Halafu kuna bayokinetiki, na hii ndugu zangu wa Afrika Mashariki wengi hamjaisikia kwa sababu ni taaluma ya hapahapa Afrika Kusini, imetambuliwa rasmi tangu 1983. Mtaalamu wake anatibu kwa mazoezi: anapima nguvu, unyumbufu na mizani ya mwili, anapanga programu, anamrudisha mtu kwenye kazi yake hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayomfaa mchezaji kuliko zote, kwa kuwa shughuli yake kubwa ni ile nafasi kati ya "umepona" na "uko tayari kuruka mara mia mbili kwa usiku mmoja." Ubaya wake, ukirudi nayo Dar, Nairobi au Lubumbashi utatumia mwaka mzima kueleza wewe ni nani. Wataalamu wa huku wanasajiliwa na baraza la taaluma za afya, HPCSA. Kabla hujalipa ada, uliza kwanza baraza la nyumbani watakusajili kama nani. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mtu analia.

Pale UJ, kampasi ya Doornfontein, wanafundisha podiatria, yaani utabibu wa miguu tu, kuanzia kucha mpaka kifundo. Kuna wataalamu wa lishe. Kuna saikolojia, maana mtu aliyekuwa anacheza tangu ana miaka sita ukimwambia akae miezi mitatu, kinachouma si ugoko peke yake. Na kuna walimu wa ngoma, ambao nawaweka juu ya orodha ingawa hawana koti jeupe. Mwalimu ndiye anayeamua mazoezi yaongezeke kiasi gani wiki hii. Mwalimu anayejua yale mambo ya fundi wa mfupa anazuia majeraha mengi kuliko hospitali nzima. Tungekuwa na somo moja tu la mwili na majeraha, likatiliwa mkazo, kwa kila mwanafunzi wa ngoma pale TaSUBa Bagamoyo na kwenye shule za ngoma Nairobi, mimi ningelala vizuri.

Wenzetu wameshapanga mambo haya. New York kuna Harkness Center, kituo cha majeraha ya wachezaji tu, tangu 1989. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya ngoma, IADMS, kilianzishwa mwaka 1990. Uingereza wana taasisi ya kitaifa tangu 2012, na kule London chuo cha Laban kinatoa uzamili wa sayansi ya ngoma. Royal Ballet wana kituo chao cha afya humohumo ndani ya jumba la opera. Ukipata ufadhili nenda. Ila kumbuka kwamba sehemu kubwa ya sayansi hiyo imejengwa juu ya baleti na ngoma za kisasa za Ulaya na Marekani. Sindimba inafanya nini kwenye nyonga? Kuruka kwa Wamasai, mwili umenyooka, goti halikunjwi sana, tena pekupeku au kwa makubazi ya tairi, kunaupa mguu mzigo gani? Hapo ndipo palipo na kazi ya mtu wa kwetu, na hapo utafiti wako hautakuwa marudio ya kitu ambacho mtu wa Boston amekwisha kukifanya.

Na wahandisi je? Sisi tuna sakafu, viatu, na vipimo. Pale Moshi kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichoanzishwa 1981, kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu hao wanajua mguu unavyobeba mzigo kuliko mimi na shahada yangu. Natamani siku moja niwakalishe meza moja na fundi viatu wa Kariakoo, waniletee raba ya pantsula yenye soli ya akili.

Nilimweleza mama yote haya kwenye simu. Alisikiliza kwa utulivu, na si kawaida yake.

"Nimekuelewa mwanangu," akasema. "Sasa hao wacheza ngoma watakulipa nini?"

Sikumjibu siku ile. Lakini nimelifikiria sana, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Mchezaji wa kwetu hana pesa ya matibabu, na asiyeumwa bado hana hata hamu ya kulipia kinga. Ukitegemea mfuko wake mtakufa njaa wote wawili. Mwenye pesa ni ukumbi, ni shule, ni wizara, ni mfadhili wa tamasha, na hao wanalipa ukiwaonyesha namba: sakafu hii ina ugumu huu, wachezaji wangapi wameumia msimu huu, onyesho lililofutwa limekugharimu kiasi gani. Kwa hiyo kazi hii kwa sasa inafanywa na watu wenye kazi nyingine. Fiziotherapia wa timu ya mpira anayetenga Jumatano kwa ajili ya wachezaji. Mwalimu wa chuo mwenye maabara. Mimi mwenyewe nimepata barua kutoka kampuni moja ya mitambo ya migodi. Wanataka mtu wa kupima mtikisiko wa viti vya madereva wa malori ya mgodini. Mdogo wangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma na ada yake inapitia kwangu. Nimesaini. Naanza Januari, baada ya kuwasilisha tasnifu. Mgongo wa dereva na ugoko wa mcheza pantsula hesabu zake ni ndugu, na Jumamosi zangu nimeziwekea sharti kwenye mkataba, hazina kazi ya kampuni. Msimamizi wangu wa utafiti angependa niendelee na udaktari. Na mimi ningependa, ila mapenzi hayalipi ada ya Dodoma.

Jumamosi hizo tumeanza nazo tayari. Jamaa alipotupa magongo nilikwenda naye kwenye ule ukumbi nikiwa na simu na uzito wa chuma uliofungwa mpira. Tulikuwa tunaangusha uzito uleule kutoka kimo kilekile, mara kumi kila sehemu, simu imefungwa juu yake inarekodi mshtuko. Si kipimo cha kupeleka mahakamani, lakini kulinganisha sakafu na sakafu kinatosha. Tulipima ukumbi ule, tukapima lami nje ya duka la kaka yake kule Alex, tukapima sakafu ya mbao ya shule moja ya zamani. Lami na ukumbi ule vilikuwa karibu sawa. Jamaa alikaa chini akacheka: walikuwa wameiacha barabara ya bure wakaenda kwenye barabara yenye paa. Na wenzake wawili waliorudi kutoka Ulaya wakasema kumbe hata wao ugoko uliwauma miezi ile, ila walinyamaza wasiachwe.

Basi tukajenga sakafu yetu. Tumekata mabamba 12 ya plaiwudi ya milimita 9 katikati, kila nusu mita 1.2 kwa 1.2, tukayagundisha mawilimawili, la juu limesogezwa sentimita 5 pembeni ili paneli moja ilalie jirani yake na mguu usikute pengo. Chini tumebandika vipande vya sponji ngumu, vya ukubwa wa kiberiti cha jikoni, kwa mistari ya kupishana ili isiwepo sehemu yenye kubonyea kuliko nyingine. Sponji ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa laini, jamaa akasema anajisikia anacheza juu ya mkate. Ya pili ikawa ngumu mno. Ya tatu tuliipata kwa fundi anayeshona viti vya teksi, na mshtuko kwenye simu ukashuka vizuri, huku sauti ya hatua ikibaki. Hilo la sauti nililidharau mpaka aliponieleza: pantsula inasikilizwa pia, na sakafu inayomeza sauti inaua ngoma. Hakuna kitabu changu kilichokuwa na mlinganyo wa hilo.

Paneli ziko 12, zikiunganishwa ni mita 4.8 kwa 3.6, wanaingia wachezaji wanne bila kugongana. Kila moja ina karibu kilo 16. Zimelala kwenye korido ya nyumba ninayopanga, na mwenye nyumba ameanza kuniuliza. Usiku wa utamaduni wa jumuiya yetu mwaka huu utakuwa kwenye ukumbi wenye vigae juu ya zege, na wale dada zetu wa Kikongo pamoja na kundi la Waganda wameshasema watacheza kwa saa nzima. Nahitaji watu sita wenye mikono, na mmoja mwenye bakkie, wa kubeba paneli Ijumaa jioni na kuzirudisha Jumapili. Jamaa atakuwepo kufundisha jinsi ya kuziunganisha. Mlango wangu mnaujua.